Bawabu Si Mshairi

Ugomvi wa ushairi wa Kiswahili una umri mkubwa kuliko wengi wanaougombea. Tangu miaka ya 1970, upande mmoja umeshika vina na mizani mkononi, ukisema kwamba pasipo hivyo hapana shairi. Upande wa pili umeshika diwani za mashairi huru, ukisema kwamba vina na mizani ni pingu za miguuni. Kila kizazi huurithi ugomvi huo kama shamba la mirathi lisilogawiwa: hakuna anayelima, na hakuna anayekubali kuondoka.

Liko jambo moja, hata hivyo, ambalo pande zote mbili zimeafikiana bila ya kuambiana. Wote wanaamini kwamba wanajua kanuni ni kitu gani. Huyu huitukuza na yule huilaani, na hapana hata mmoja aliyeketi kuipima. Elimu iliyoketi kuipima ipo, na imekuwapo kwa zaidi ya nusu karne. Ni nadharia ya lugha za kikanuni, ambayo juu yake zimesimama sarufi za wanaisimu na programu za kompyuta. Ikitajwa barazani, msemaji huambiwa kwamba hayo ni ya wahandisi, na kwamba mshairi na hesabu ni mbingu na ardhi. Kauli hiyo ni ya uvivu, na madhara yake yameshaanza kuonekana.

Jina la elimu hiyo lisimtishe mtu. Lugha ya kikanuni siyo ile lugha rasmi ya bunge na mahakama. Hapa, lugha ni jumla ya mafungu ya alama yanayokubaliwa. Sarufi ni orodha fupi ya kanuni zinazoyazaa mafungu hayo. Na otomata ni bawabu aliyewekwa mlangoni kusema “pita” au “rudi”. Bawabu huyo hajui uzuri wala maana. Anaijua alama inayofika mbele yake, na anaijua hali aliyomo yeye mwenyewe saa ile. Swali la elimu yote ni hili: ili bawabu asikosee, anahitaji kumbukumbu ya namna gani?

Mwaka 1956 Noam Chomsky wa Marekani alilijibu swali hilo kwa kuzipanga sarufi kwa nguvu zake, na mpango huo ukakamilika miaka mitatu baadaye kuwa ngazi yenye vidato vinne. Katika kidato cha chini bawabu ana hali zenye idadi maalumu na hana daftari lolote. Katika cha pili amepewa rundo la kuwekea kumbukumbu, lakini anaruhusiwa kugusa kilichoko juu tu. Katika cha tatu ana ukurasa wa kuandikia, wenye urefu unaolingana na fungu analolikagua. Katika cha juu kabisa ukurasa hauna mwisho, na hapo ndipo ilipo mashine aliyoifikiria Alan Turing mwaka 1936, ambayo yeye mwenyewe alithibitisha kwamba yako maswali haitayajibu kamwe.

Sasa na uletwe utenzi mlangoni. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mmoja na mizani 8. Mitatu ya mwanzo hutua kwa kina kimoja, na wa nne hutua kwa kina kinachokwenda nao tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Bawabu wake anahitaji kukumbuka nini? Amehesabu mizani mingapi, yuko katika mshororo wa ngapi, kina cha ubeti huu ni kipi, na kile cha utenzi mzima ni kipi. Basi. Hata utenzi uwe na beti 1,000, kumbukumbu yake haiongezeki. Shairi la mizani 16 lenye vina vya kati na vya mwisho ni hivyo hivyo. Ubeti wake una mizani 64. Ikichukuliwa kwamba silabi za Kiswahili ni 200, bawabu atahitaji hali kama 2,560,000 hivi ili akumbuke mahali alipo pamoja na vina viwili. Idadi hiyo ni kubwa kwa binadamu na ni kitu kidogo kwa kompyuta. Na lililo muhimu ni kwamba ina mwisho. Vina na mizani vyote, pamoja na fahari yao yote, vimeketi katika kidato cha chini kabisa. Ni kidato kile kile ambacho Ken Thompson alikitumia mwaka 1968 kuifundisha kompyuta kutafuta maneno ndani ya maandishi.

Anayesema kwamba shairi ni vina na mizani, basi, na aulipokee ubeti huu:

Embe limevaa koti, likaiuza bahari,
Jiwe likapiga goti, kwa heshima ya sukari,
Kijiko kina sauti, kuliko moshi wa gari,
Kesho ilikaa kiti, jana itapata shari.

Na ahesabu. Kila kipande kina mizani 8, kila mstari 16. Vina vya kati ni *ti*, vya mwisho ni *ri*, na hakuna hata kimoja kilichoguni. Bawabu atasema “pita”, tena atasema kwa heshima. Je, hilo ni shairi? Kama jibu ni la, basi kuna kitu kingine kinachofanya shairi kuwa shairi, na mtetezi wa mapokeo anawajibika kukitaja badala ya kuzungusha vidole vyake akihesabu. Kama jibu ni ndiyo, basi ushairi wote umekabidhiwa mashine, na mashine itautunga usiku kucha bila ya kuomba hata chai.

Wazee hawakuwahi kusema hivyo. Sheikh Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, aliziandika sheria zile kwa ajili ya watu waliokuwa na la kusema, ili walijue umbo la kulisemea. Waliokuja nyuma wakaokota umbo na kulitupa neno. Ndiyo maana magazeti yakajaa beti elfu na moja zilizopimwa barabara zisizosema kitu. Aibu hiyo haiwezi kutwikwa wapinzani wa mapokeo. Ni ya watetezi wake.

Lakini mwenye mashairi huru asishangilie. Yeye amekosea zaidi, kwa kuwa amedhani kwamba akiviacha vina ametoka gerezani. Na aitazame sentensi hii ya kawaida: *Kisu ambacho mvuvi ambaye mawimbi yalimtupa pwani alikipoteza kimeonekana*. Ndani yake kuna majina matatu yanayongoja vitenzi vyake: kisu, mvuvi, mawimbi. Vitenzi huja kwa mpango uliogeuka: kwanza *yalimtupa*, cha mawimbi, kisha *alikipoteza*, cha mvuvi, mwisho *kimeonekana*, cha kisu. Nahodha yeyote anaujua mpango huo. Shehena iliyopakiwa mwisho jahazini ndiyo inayoshushwa mwanzo, na iliyo chini kabisa hungoja mpaka zote zilizo juu yake zitoke. Hilo ndilo rundo la bawabu wa kidato cha pili. Bawabu wa kidato cha chini, yule anayetosha kabisa kukagua vina na mizani, hawezi kuzikagua sentensi za namna hii ikiwa zinaruhusiwa kurefuka bila ya kikomo.

Maana ya jambo hilo ni nzito. Mtunzi wa mashairi huru anapoandika sentensi moja ya Kiswahili, tayari ametii sheria ngumu kuliko zile alizozikimbia. Ngeli ya *ki* aliyoitamka mwanzoni imemfuata mpaka mwisho, na hakuna uhuru wowote uliomruhusu kusema *limeonekana*. Wala kanuni hizo hazikumfunga. Ndizo zilizomwezesha. Kutokana na orodha fupi ya kanuni, mtu anaweza kutoa sentensi zisizohesabika ambazo hapana mwengine aliyepata kuzitamka. Ukomo wa kanuni na kutokwisha kwa maneno vimo katika nyumba moja. Anayeiita kanuni pingu hajapata kuitazama lugha yake mwenyewe ikifanya kazi.

Wahandisi walilitambua hilo mapema. Mwaka 1959 John Backus alileta mbele ya mkutano uliofanyika Paris njia ya kuandika sarufi ya lugha ya programu kwa kanuni za kidato cha pili. Peter Naur akaitengeneza njia hiyo na kuitumia katika taarifa ya lugha ya ALGOL 60 iliyotoka mwaka 1960. Tangu hapo, mashine inapopewa programu huichambua kwa sarufi kama mwanafunzi anavyochambua sentensi ubaoni. Mabano yaliyofunguliwa mwisho hufungwa mwanzo, sawasawa na shehena ya jahazi.

Na pale wanazuoni walipodhani kwamba kidato cha pili kinatosha kwa lugha zote za binadamu, Afrika ilikuwa miongoni mwa waliowasahihisha. Mwaka 1985 Stuart Shieber alionyesha kwamba Kijerumani cha Uswisi hupanga majina na vitenzi vyake kwa kupishana, wa kwanza kwa wa kwanza na wa pili kwa wa pili, jambo ambalo rundo haliliwezi. Mwaka huo huo Christopher Culy alionyesha kwamba hata maneno peke yake ya Kibambara cha Mali yanakipita kidato cha pili. Mbambara husema *wulu o wulu*, yaani mbwa yeyote yule: neno hurudiwa lilivyo, na *o* katikati. Kwa kuwa neno lenyewe laweza kurefushwa kwa viambishi bila ya ukomo, bawabu anapaswa kulikumbuka lote, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa mpango ule ule lilivyokuja. Rundo humpa kinyumenyume.

Msomaji wa pwani ameshaikumbuka pindu, shairi ambalo kipande cha mwisho cha ubeti ndicho hufungua ubeti unaofuata. Pindu ni kurudia, kama Kibambara kinavyorudia. Kwa kuwa kipande kina mizani 8 tu, mtu atasema kwamba bado bawabu wa chini anatosha. Na kwa hesabu kavu ni kweli. Ila akichukua silabi zile 200, bawabu huyo atahitaji hali zaidi ya 2 yenye sifuri 18 nyuma yake ili akumbuke kipande kimoja. Mtoto wa madrasa hukikumbuka kwa kukisikia mara moja. Mwenye kuudharau ufundi wa mapokeo na atafakari hapo: aliyeibuni pindu aliigusa, kwa sikio lake, tofauti ambayo wanahisabati walikuja kuipa jina katika karne ya 20.

Wako pia wasemao kwamba mambo haya ni ya kigeni, yameletwa na meli na yarudi na meli. Wanaosema hivyo hawaijui asili ya neno *arudhi* wanalolitamka kila siku. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, ambaye kwa nasaba ni wa Azdi wa Oman na maisha yake aliyaishi Basra mpaka akafariki mwishoni mwa karne ya 8, ndiye aliyeiasisi elimu hiyo. Husimuliwa kwamba alianza kwa kusikiliza nyundo za wafua shaba sokoni. Alichokifanya ni kuupunguza ushairi wote wa Kiarabu kuwa alama mbili, herufi yenye irabu na herufi iliyotulia. Kutoka alama hizo akajenga nguzo, na nguzo akazipanga katika duara 5 zilizotoa bahari 15. Katika *Kitab al-Ayn* alihesabu pia mapinduzi ya mizizi ya maneno: konsonanti mbili hutoa 2, tatu hutoa 6, nne hutoa 24, tano hutoa 120. Alfabeti ndogo, kanuni chache, na lugha nzima ikazaliwa humo: hapana tofauti ya msingi kati ya kazi hiyo na inayofanywa leo katika vyuo vya kompyuta. Kabla yake Panini wa Bara Hindi alikuwa ameieleza Kisanskriti kwa kanuni takriban 4,000, na mwaka 1967 mhandisi Peter Ingerman alipendekeza jina la Panini litangulizwe mbele ya la Backus katika ile njia ya kuandika sarufi, kwani alimtangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili. Na mwaka 1913 mwanahisabati Andrei Markov wa Urusi aliuchukua utenzi wa Pushkin, *Eugene Onegin*, akazihesabu herufi 20,000, akapata irabu 8,638 na konsonanti 11,362, kisha akapima jinsi kila herufi inavyotegemea iliyoitangulia. Mnyororo alioupata katika ushairi ule unatumika mpaka leo katika sayansi nyingi. Elimu hii ilitoka katika ushairi. Washairi ndio walioihama.

Na hapa ndipo madhara yanapoingia, maana nyumba isiyo na mwenyewe hupata mpangaji. Katika elimu hii, sarufi ndiyo inayoamua lipi limo katika lugha na lipi halimo. Anayeiandika sarufi ndiye anayechora mpaka. Kiunguja kilipoteuliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, mpaka ulichorwa kwa wino, na Kiamu, Kimvita, Kipemba na ndugu zao wakabaki ng'ambo ya pili. Wino huo mtu aliweza kuupuuza. Mshairi wa Lamu aliendelea kuandika *mato* na *ndia*, na karatasi haikumkatalia. Kompyuta inamkatalia. Kikaguzi cha tahajia kilichojengwa juu ya msamiati wa Usanifu peke yake humpigia *ndia* mstari mwekundu kama kwamba ni kosa la mtoto wa shule. Akiandika *ndoo* akikusudia *njoo*, hapigiwi mstari wowote, kwani bawabu amedhani ameletewa chombo cha kutekea maji. Mgeni amekaribishwa ndani, na kilichoandikwa ni kwamba ndoo imekaribishwa.

Dawa ya maradhi hayo inajulikana. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki aliandika mfumo ambao kanuni za kidato cha chini huunganisha neno lilivyo katika msamiati na neno linavyoandikwa. Arvi Hurskainen wa chuo kikuu hicho hicho akautumia mfumo huo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya kazi yake. Neno kama *hawakutuandikia* hufunguliwa viungo vyake saba, *ha-wa-ku-tu-andik-i-a*, na kila kiungo hupewa kazi yake. Yule yule bawabu wa chini asiyeweza kuwa mshairi ni mtumishi hodari kabisa wa maneno. Hapana kinachozuia kanuni zikaongezwa za kumjulisha kwamba *nj* ya Unguja ni *nd* ya Mvita katika *njia*, *njaa* na *njoo*.

Hapana kinachozuia, isipokuwa kwamba mhandisi hawezi kuziandika peke yake. Akiambiwa kwamba *ch* ya *macho* ni *t* ya *mato*, ataitumia kanuni hiyo kila mahali, na chai itageuka tai. Akitaka kumfundisha bawabu kuhesabu mizani, atakutana na *mbuni*. Ndege wa mbugani ana mizani miwili, kwa kuwa *m* yake imeshikamana na *b*. Mti wa kahawa una mizani mitatu, kwa kuwa *m* yake ni silabi iliyosimama peke yake, na wingi wake ni *mibuni*. Herufi ni zile zile tano. Anayezijua tofauti hizo bila ya kufikiri ni yule yule mshairi anayejigamba kwamba hesabu si shughuli yake.

Litatolewa pingamizi moja la mwisho: kwamba mashine za lugha za siku hizi hazipewi kanuni tena, hulishwa maandishi mengi zikajifunza wenyewe. Ni kweli, na ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuamka. Mashine inayojifunza kwa wingi hujifunza kilicho kingi. Itakula magazeti na hotuba, itakifahamu Kiswahili cha ofisini, na Kipemba kitakuwa ndani yake kama chumvi iliyotiwa baharini. Lugha yenye maandishi machache haitaokolewa kwa wingi ambao haina. Huokolewa na kanuni, kwa kuwa kanuni moja iliyoandikwa vizuri hubeba mifano elfu ambayo hakuna aliyepata kuiandika.

Kazi inayotakiwa haihitaji shahada wala mashine. Inahitaji daftari. Kila mji wenye washairi wake na uandike jinsi sauti zake zinavyolingana na za Usanifu na wapi zinakataa kulingana, vitenzi vyake vinavyonyambulika, maneno ambayo mizani yake hutegemea maana, na nini sikio la wazee lilikubali au lilikataa. Mtetezi wa mapokeo anayo masikio ya kuifanya kazi hiyo. Mtetezi wa mashairi huru anao ujasiri wa kuuliza maswali yasiyoulizwa. Kwa nusu karne wamegombea mlango ambao mtoto wa mashine anaweza kuulinda. Wakiendelea hivyo, atakayekuja kuuandika mpaka wa lugha hii atakuwa mtu asiyejua kwamba *ndoo* ni karibu.